Aliyejua Petro atamkana ndiye aliyemwombea

Katika kipindi kimoja cha kujifunza Biblia, kijana aliinua mkono akauliza swali ambalo wengi wetu tumelimeza miaka mingi: "Kama Mungu anajua tayari nitaishia wapi, maombi yangu yanabadilisha nini?" Aliyekuwa akiongoza akamjibu kwamba maswali ya namna hiyo huletwa na adui, kisha akatuambia tufungue sura inayofuata. Kijana akashusha mkono. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona shingo yake ikiinama, na mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza.

Swali lile halikutoka kwa adui. Wakristo wamelibishania kwa zaidi ya miaka 1,600. Limegawanya madhehebu, limewatia watu kifungoni, na katika nchi moja lilichangia kumfikisha mzee wa miaka 71 kwa mnyongaji mwenye upanga. Anayeliuliza kwa moyo mweupe anastahili kujibiwa, nami nitajaribu hapa, bila kuficha ninakosimama.

Nianze na merikebu ya Matendo 27. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma. Dhoruba imewapiga siku nyingi, jua halionekani wala nyota, na hakuna aliyebaki na tumaini. Usiku malaika anasimama karibu naye: "Usiogope, Paulo, huna budi kusimama mbele ya Kaisari, tena, tazama, Mungu amekupa watu wote wanaosafiri pamoja nawe." Watu wote, na Luka anatupa hesabu yao: 276. Neno limekwisha kutoka, hakuna hata mmoja atakayepotea. Kisha usiku wa kumi na nne mabaharia wanashusha mashua, wakijifanya wanakwenda kutia nanga upande wa omo, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anawageukia akida na askari: "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Askari wanazikata kamba, mashua inaangukia baharini.

Zisome kauli hizo mbili pamoja. Wote wataokoka, hawa wakiondoka, hamtaokoka. Mpenda mabishano angembana Paulo pale pale: kama ahadi ni ya kweli, waache mabaharia waende zao, na kama kuondoka kwao kunaweza kuua watu, basi ahadi ilikuwa na shaka. Paulo haoni mgongano wowote. Kwake ahadi ya Mungu ilikuwa na mabaharia ndani yake, na kamba zilizokatwa, na ngano iliyotupwa majini, na mbao walizoshikilia wasiojua kuogelea. Aliyekusudia mwisho wa safari alikusudia na njia ya kuufikia, na njia hiyo ilipita mikononi mwa askari wasiomjua hata Mungu aliyekuwa akiwaokoa.

Laiti mjadala wetu ungeanzia hapo. Mara nyingi unaanzia kwenye picha ya orodha: majina yaliyoandikwa kabla ya dunia, haya ya uzima, haya ya hukumu, na sisi tunaishi tu ili kuthibitisha kilichokwisha kuandikwa.

Lugha yetu nayo hutusukuma huko bila sisi kujua. Mtu akifa tunasema siku zake zilikuwa zimefika. Neno "ajali" lilitoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya muda aliowekewa mtu, ukomo wake. Sisi tunalitumia hata kwa gari lililopinduka kwa sababu dereva alikuwa amelewa, na tukishasema ajali haina kinga tumekwisha kumpunguzia dereva mzigo na kumtwika Mungu. Lakini lugha hiyo hiyo ina neno "majaliwa". Tunaagana: panapo majaliwa tutaonana. Anayesema hivyo hakai chini kusubiri kuonana kuje kwenyewe. Anafunga mizigo yake, anaanza safari, huku akijua kwamba kufika ni kupewa. Neno hilo naliona liko karibu zaidi na Paulo wa merikebuni kuliko "imeandikwa".

Sasa, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kujua kwa Mungu na kuchagua kwa Mungu. Juu ya kujua, jibu la kwanza tunalofundishwa ni kwamba kujua jambo si kulisababisha. Aliyelisema kwa uzuri kuliko wengi ni Boethius, msomi wa Roma aliyeandika mnamo mwaka 524 akiwa kifungoni akingoja kuuawa. Anasema unaweza kuona kwa mara moja mtu akitembea ardhini na jua likichomoza. Unaviona vyote viwili kwa hakika ile ile, lakini jua halina budi kuchomoza, na mtu anatembea kwa kutaka kwake. Jicho lako halikumsukuma. Mungu naye hakisii kesho kama sisi. Anazitazama nyakati zote kwa pamoja, kama aliye juu kileleni.

Jibu hilo limewatuliza wengi, na mimi limenisaidia, ila siridhiki nalo. Aliye kileleni hakuiumba njia wala hakumuumba msafiri. Mungu aliumba vyote, tena akijua, kwa hiyo swali linamfuata kwa namna ambayo haliwezi kumfuata mtazamaji. Tena Mungu wa Biblia hatazami tu. Anashuka na kumwambia mtu jambo ambalo mtu huyo bado hajalitenda. Yesu alimwambia Petro kabla jogoo hajawika. Tangu dakika ile neno lilikuwa tayari masikioni mwa Petro, akaingia nalo hadi uani kwa Kuhani Mkuu, akaketi nalo penye moto. Alipofungua kinywa kumkana Bwana wake, alikuwa anajua alichoambiwa, na hata hivyo alimkana kwa ulimi wake mwenyewe.

Kipo na kisa kingine ambacho mahubiri mengi hukiruka, katika 1 Samweli 23. Daudi ameuokoa mji wa Keila mikononi mwa Wafilisti, yumo ndani ya mji wenye malango na makomeo, na Sauli amepata habari. Daudi anaagiza naivera, vazi la kuhani la kumwulizia Bwana, iletwe, anamwuliza Bwana: Sauli atashuka? Bwana anasema atashuka. Watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Watakutia. Basi Daudi na watu wake, wapata 600, wanaondoka. Sauli anasikia kwamba Daudi ametoroka, anaacha kwenda. Hakushuka, na watu wa Keila hawakumtoa mtu. Mungu alisema kweli juu ya jambo ambalo halikutokea kamwe. Katika picha ya orodha, jambo hilo lingeandikwa wapi?

Luis de Molina wa Hispania, mtawa wa shirika la Wajesuiti, alikishika kisa cha namna hii katika kitabu alichokitoa Lisbon mwaka 1588. Alifundisha kwamba Mungu hajui tu yaliyopo na yatakayokuwapo. Anajua pia kila mtu angetenda nini kwa hiari yake katika kila hali ambayo angewekwa. Kwa ujuzi huo anaiongoza dunia bila kumvunja mtu mkono. Wadominiko, shirika jingine la watawa, wakiongozwa na Domingo Báñez, walikataa katakata. Kama ujuzi wa Mungu unangoja uamuzi wa kiumbe, walisema, basi neema imekuwa mtumishi wa mtu. Roma ilisikiliza pande zote kwa karibu miaka kumi, na mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano akafunga shauri bila kumpa ushindi yeyote, akakataza upande mmoja kuuita mwingine wazushi. Wako wanaouona uamuzi huo kuwa woga. Kwangu ni kiongozi aliyetambua kwamba pande zote mbili zilikuwa zinalinda kitu cha kweli, akakataa kukivunja kimoja ili kingine kisimame.

Siku za karibuni, hasa tangu miaka ya 1990, wametokea wanatheolojia kama Clark Pinnock waliosema kwamba matendo huru ya kesho bado hayapo, kwa hiyo hata Mungu anayajua kama mambo yanayowezekana tu. Wanaitaja Ninawi, iliyotangaziwa siku arobaini na isiangamie. Wako sahihi kwamba toba ya Ninawi haikuwa maigizo. Lakini siwezi kuwafuata: jogoo wa Petro, na idadi ya mara alizomkana, havifanani na makisio.

Kujua kunasumbua akili, lakini kuchaguliwa kunagusa moyo zaidi. "Maana wale aliowajua tangu asili, aliwachagua tangu asili," anaandika Paulo katika Warumi 8, na mtu anayesoma peke yake usiku hawezi kuuepuka uchungu wa swali lifuatalo: na mimi je?

Augustino, askofu wa Hippo, aliomba katika maungamo yake: toa unachokiamuru, kisha amuru ukitakacho. Pelagius, mwalimu mwingine wa siku hizo, alipoisikia sala hiyo Roma alikasirika. Aliona inampa mvivu kisingizio. Mungu akiamuru, mtu anaweza, na atende. Nikiwaza jinsi watu wa siku zake walivyolichukulia jina la Ukristo kama vazi, hasira yake naielewa. Lakini Augustino alikuwa anazungumza kama mtu aliyejaribu kuacha dhambi kwa nguvu zake akashindwa mwaka baada ya mwaka. Alijua kwamba hata kutaka kugeuka hakukutoka kwake. Kanisa lilimkataa Pelagius katika baraza la Karthago la mwaka 418. Mwaka 529, maaskofu waliokutana Orange, kusini mwa Ufaransa ya leo, walikiri kwamba hata mwanzo wa imani ni kazi ya neema, na hapo hapo wakalaani fundisho kwamba kuna watu waliowekewa uovu kwa nguvu ya Mungu. Natamani kauli hiyo ya mwisho ingejulikana kama ile ya kwanza.

Haikujulikana hivyo, au haikutosha. Katika karne ya 9 mtawa Gottschalk alihubiri kuwekewa kuwili, wengine uzima na wengine mauti. Mwaka 849 alichapwa viboko, akalazimishwa kuyachoma maandiko yake, akafungwa katika monasteri mpaka kufa. Nakubaliana na waliokataa fundisho lile. Kiboko siwezi kukikubali.

Watu humtaja John Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16, kana kwamba alikesha akihesabu watu wa motoni. Katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, la mwaka 1559, sura za kuchaguliwa zinafuata mara tu baada ya sura ndefu juu ya maombi. Anaonya kwamba anayeingia katika siri hii kwa udadisi anaingia katika vichochoro asivyoweza kutoka. Anasema tutafute kuchaguliwa kwetu ndani ya Kristo, kama mtu ajitazamaye katika kioo. Ni yeye pia aliyeandika bila kuzunguka kwamba Mungu amewaweka wengine kwa uzima wa milele na wengine kwa hukumu, akakiri kwamba amri hiyo inatisha. Hofu yake naiheshimu. Naamini ilikuwa inamwambia jambo ambalo hakulisikiliza hadi mwisho.

Wafuasi wa Jacobus Arminius walijaribu kulisikiliza. Mwaka 1610, miezi michache baada ya mwalimu wao kufariki, walitoa hoja tano nchini Uholanzi: Mungu amechagua kuwaokoa wamwaminio Kristo, Kristo alikufa kwa ajili ya wote, bila neema mtu hawezi neno, neema hiyo inaweza kukataliwa, na juu ya kama mwamini anaweza kuanguka kabisa, walisema bado wanahitaji kuyachunguza Maandiko. Hoja ya tatu waitazame vizuri wale wanaowaita Wapelagio. Sinodi ya Dort, mkutano mkuu wa kanisa la Uholanzi uliokaa 1618 hadi 1619, iliwakataa, na wachungaji wapatao 200 wakapoteza nafasi zao. Siasa ilikuwa imeingia ndani hadi kwenye mifupa, maana ugomvi wa neema ulikuwa umefungamana na ugomvi wa madaraka na wa amani na Hispania. Johan van Oldenbarnevelt, mwanasiasa mzee aliyewakingia kifua Waarminiani, alikatwa kichwa tarehe 13 Mei 1619.

Hata hivyo sinodi hiyo hiyo iliweka katika kanuni zake, kwenye sura ya kwanza, kifungu kisichotajwa sana: wazazi wamchao Mungu wasitie shaka juu ya kuchaguliwa na wokovu wa watoto wao ambao Mungu amewaita wangali wachanga. Katikati ya mabishano yale makali, mtu fulani alimkumbuka mama aliyezika mtoto. Nimesikia mahubiri ya misiba ambayo yangehitaji nusu tu ya huruma hiyo.

Kila upande, mwishowe, hurudi Warumi 9. "Nimempenda Yakobo, bali Esau nimemchukia." Mfinyanzi na udongo. "Ee binadamu! Wewe u nani umjibuye Mungu?" Wengi hufungia kitabu hapo. Lakini Paulo ameianza sura ile kwa machozi, akisema yuko tayari yeye mwenyewe kuharimishwa na kutengwa na Kristo kwa ajili ya ndugu zake. Anayeamini kwamba orodha imefungwa hawezi kuomba hivyo. Maneno ya Yakobo na Esau anayachukua kwa nabii Malaki, ambaye anayasema juu ya Israeli na Edomu, na Rebeka naye aliambiwa kwamba mataifa mawili yamo tumboni mwake. Mfinyanzi ni wa Yeremia 18: chombo kinaharibika mkononi mwake, anakifinyanga tena kuwa chombo kingine, na Bwana anaeleza kwamba taifa likighairi uovu wake, yeye ataghairi mabaya aliyoazimia kulitenda.

Halafu inakuja sura ya 11, na hapo ndipo ninaposimamisha hoja yangu. Wale waliotiwa ugumu wanarudi kama matawi yaliyokatwa katika mzeituni, na Paulo anasema wasipokaa katika kutokuamini kwao watapandikizwa tena, kwa kuwa Mungu aweza. Watu anaowazungumzia hawakubadilika katikati ya sura hizi. Vyombo tulivyodhani vimefinyangwa ili vivunjwe ndivyo vinavyosubiriwa kurudi. "Maana Mungu amewafunga wote pamoja katika kuasi ili awarehemu wote." Ukisoma sura ya 9 bila ya 11 unapata Mungu ambaye Paulo mwenyewe asingemtambua.

Kwa hiyo nasema wazi: siamini kwamba Mungu alimtenga mtu yeyote kwa upotevu kabla hajatenda jambo. Naamini kwamba kila anayerudi, anarudi kwa sababu alivutwa kwanza, na sifa ya kurudi kwake haimhusu. Na anayekataa, anakataa kweli. Yesu aliilia Yerusalemu akisema ni mara ngapi alitaka kuwakusanya watoto wake kama kuku akusanyavyo vifaranga, "lakini hamkutaka!" Nikiambiwa kwamba nyuma ya kilio kile kulikuwa na amri ya siri kwamba wasitake, sina tena namna ya kuyaamini machozi yake. Wakalvini wengi nawaheshimu, na najua watasema nimeuacha ukuu wa Mungu. Mimi nauona mkubwa zaidi Mungu anayeweza kumwacha kiumbe aseme hapana na bado asishindwe.

Na bado pengo kati yetu si pana kama kelele zinavyoonyesha. Mwaka 1784 Charles Simeon, mhubiri kijana wa Cambridge aliyehesabiwa Mkalvini, alikutana na John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, mzee wa miaka 81, mpinzani mkubwa wa fundisho hilo. Mazungumzo aliyaandika Simeon mwenyewe. Alisema kwamba, kwa kuwa yeye huitwa Mkalvini, huenda wakahitaji kuchomoa majambia. Lakini kwanza angeuliza maswali. Je, unajiona mtu mpotovu kiasi kwamba usingewaza kumgeukia Mungu kama yeye asingelitia wazo hilo moyoni mwako? Wesley akasema ndivyo. Baada ya kuokolewa na Kristo, je, utajilinda kwa nguvu zako? Hapana. Basi wabebwa na Mungu kila saa, kama mtoto mchanga mikononi mwa mama yake? Naam, kabisa. Simeon akasema jambia lake analirudisha alani, maana Ukalvini wake wote ulikuwa huo. Hawakumaliza kila kitu. Swali la neema kukataliwa hawakuligusa. Lakini walikuwa wamelianza mahali sahihi, kwa kuulizana kila mmoja juu ya nafsi yake mwenyewe, bila kumwuliza yeyote juu ya majirani.

Narudi kwa kijana. Kama ningefungua kinywa siku ile ningemsomea Luka 22. Katika meza ile ile kulikuwa na wawili ambao Yesu aliyajua yao. Juu ya Yuda alisema Mwana wa Adamu aenda zake kama ilivyokusudiwa, lakini ole wake mtu yule amsalitiye. Kusudi na ole vimekaa katika pumzi moja, na kimoja hakikifuti kingine. Kisha akamgeukia Simoni: Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako."

Kijana alitaka kujua maombi yanabadilisha nini ikiwa Mungu anajua tayari. Hapa yupo anayejua tayari, tena anajua hadi idadi, na bado ameomba. Kujua kwake hakukumfanya aache kuomba. Kwa sababu alijua, aliomba mapema, Petro akiwa bado anajisifu kwamba yuko tayari kwenda gerezani na hata kufa. Wala hakusema "ukiongoka". Tunaujua vizuri uzito wa silabi hizo katika lugha yetu. Alisema "utakapoongoka", na bado kuongoka kuliachwa kwa Petro mwenyewe, atoke nje usiku ule alie kwa majonzi. Miaka baadaye, waraka unaobeba jina lake unawaandikia Wakristo waliotawanyika, na salamu yake ya kwanza inawaita wateule, ambao Mungu Baba aliwajua tangu zamani.